GOFU PASIPO NA MAJANI
Mgeni katika kiwanja cha Magadi, nchi ya jua na chumvi

Mtu wa kwetu Mkwajuni akisikia neno "gofu" hufikiri kwanza nyumba iliyobomoka, kuta zimesimama na paa limekwisha anguka. Lakini gofu tunayotaka kuieleza leo ni mchezo, tena mchezo wa watu wazima na wazee, unaochezwa kwa fimbo na mpira mdogo. Wengi wetu tumeuona katika picha tu: uwanja mpana wa majani mabichi, miti ya kivuli, na watu waliovaa vizuri wakitembea polepole kama hawana shamba la kupalilia.

Je, mchezo huu unaweza kuchezwa mahali pasipo na jani hata moja? Unaweza. Na wala hatuhitaji kwenda mbali sana kuyaona hayo. Katika nchi ya jirani zetu wa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna mji uitwao Magadi. Huko kuna klabu ya michezo yenye kiwanja cha gofu juu ya ardhi kavu, ngumu, yenye mawe na vumbi, kando ya ziwa la magadi. Mgeni aliyezoea viwanja vya majani akifika huko na mfuko wake wa fimbo huona upesi kwamba mengi aliyojifunza hayamfai kitu.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wale wasioujua, tueleze kwa kifupi. Mchezaji hupiga mpira mdogo kutoka mahali pa kuanzia mpaka auingize katika tundu lililochimbwa ardhini, mbali pengine mita mia moja, pengine mita mia tano. Mpira hauna budi kuwa na upana usiopungua milimita 42.67, na uzito usiozidi gramu 46 hivi. Tundu lina upana wa milimita 108, yaani kama mdomo wa kikombe kikubwa. Akimaliza tundu moja huendelea na la pili, hata yatimie 18. Mwisho huhesabiwa mapigo yote, na aliyepiga mara chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Fimbo ni za namna nyingi, za kupiga mbali, za kupiga juu, za kusukumia mpira taratibu. Lakini sheria hairuhusu mtu kuchukua zaidi ya 14.

Chanzo chake ni nchi ya Skoti. Huko mwaka 1457 bunge liliupiga marufuku mchezo huu, kwa sababu vijana waliacha kujizoeza upinde na mishale, silaha za kulinda nchi. Amri hiyo haikufaulu. Baadaye Waingereza waliuchukua mchezo wao kila walikokwenda kutawala, na ndiyo maana viwanja vinapatikana Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Morogoro na Mufindi.

Sasa, Skoti ni nchi ya mvua na ukungu. Majani huota yenyewe, na kondoo huyala yakawa mafupi. Mchezo ulizaliwa mahali hapo, nao ukafuata hali ya hapo. Walipouhamishia nchi za jua kali ndipo ilipowabidi wachezaji kuufikiria upya.

NCHI YA MAGADI

Jina la Magadi halihitaji kufasiriwa kwa mama yeyote wa kijijini. Ni yale yale magadi tunayotia chunguni ili maharage na kunde ziive upesi, na mlenda uteleze. Wazee wavutao ugoro nao wanayajua.

Ziwa Magadi liko katika Bonde la Ufa, kilomita mia moja na kitu kusini-magharibi ya Nairobi. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Magadi iko chini, mita 600 hivi. Kwa hiyo msafiri hutoka katika baridi ya vilima vya Ngong, akateremka, akateremka tena, na kila kona ya barabara humwongezea joto. Njiani hupita Olorgesailie, mahali ambapo Louis Leakey na mkewe Mary, katika miaka ya 1940, walikuta mashoka ya mawe ya watu wa kale sana, yametapakaa chini kwa wingi.

Maji ya ziwa hili hayana njia ya kutoka. Chemchemi za moto kandokando huleta maji yenye magadi, jua huyakausha, na magadi hubaki yameganda kama sakafu nyeupe, penginepo nyekundu. Sisi tunaokaa katika nchi ya Ziwa Rukwa tunaweza kulielewa jambo hilo, kwani Rukwa nalo hupokea mito, ukiwamo wetu wa Songwe, lakini halina mto utokao. Na huko Ivuna, kusini mwa Rukwa, watu wamepika chumvi tangu zamani sana.

Kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911, ikajengewa reli kutoka Konza. Magadi huvunjwa, husafishwa, huchomwa katika tanuri, ndipo hupelekwa Mombasa na kwingineko kutengenezea vioo na sabuni. Tangu miaka ya 2000 kampuni imekuwa mali ya Tata wa India. Mji mzima ulikua kwa ajili ya kazi hiyo: nyumba, hospitali, shule, na klabu ya michezo yenye kiwanja cha gofu. Nje ya mji ni nchi ya Wamasai na mifugo yao.

Viumbe waliozoea ndio wawezao kukaa humo. Kuna samaki wadogo waishio katika maji ya moto ya chemchemi, ambayo yangewaua samaki wengine. Na kuna heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi. Mwaka 1962 heroe walitaga Magadi kwa wingi mno, na makinda yao yakaanza kufa, maana magadi yaliganda miguuni mwao kama pingu. Watu walijitolea kuingia ziwani juani, wakayavunja magadi hayo na kuyafungua makinda kwa maelfu. Mahali ambapo ndege wa hapo hapo aweza kufungwa miguu na ardhi, mgeni asitegemee kupata mchezo rahisi.

KIWANJA CHENYEWE

Katika kiwanja cha kawaida, mpira huanguka juu ya majani na kutulia. Katika kiwanja kikavu kama hiki, huanguka juu ya ardhi iliyo ngumu kama sakafu. Huruka, hukimbia, hugonga jiwe na kugeuka upande asioutazamia mtu. Mchezaji aweza kupiga vizuri sana, kisha akautazama mpira wake ukiingia michongomani kwa bahati mbaya ya kijiwe kimoja. Na mwenzake aliyepiga vibaya hugonga jiwe lile lile, mpira ukarudi katikati.

Hewa nayo ina kazi yake. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hiyo mpira hupita ndani yake kwa urahisi. Lakini hewa ya mahali pa chini ni nzito kuliko ya mlimani. Mgeni atokaye Nairobi, aliyekwisha jua kila fimbo yake humfikisha wapi, hukuta hesabu zake zimevurugika pande zote mbili: joto limemwongezea, bonde limempunguzia, na ardhi ngumu imemwongezea tena. Hana budi kuanza kujifunza upya kama mtoto.

Mahali palipo na tundu, katika viwanja vya mvua, ni pa majani laini yaliyokatwa mafupi kabisa, na wachezaji hupaita "kijani". Jangwani hapana kijani. Wachezaji hupaita "kahawia". Ni duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe, ukashindiliwa na kusawazishwa. Watu wakikanyaga huacha nyayo, na mpira hauwezi kupita sawasawa juu ya nyayo. Kwa hiyo kuna ufagio, au ubao wa kuburura, na kila kundi limalizapo hulainisha duara lote kwa ajili ya wajao nyuma. Asiyefanya hivyo huonekana mtu asiye na adabu, sawa na mtu atumiaye kisima cha kijiji akaacha kamba majini.

Katika viwanja vingi vya jangwani kuna desturi nyingine ya kuchekesha. Mchezaji hutembea na kipande cha zulia la majani ya bandia, upana wake kama sahani ya kulia. Njia ya mchezo huonyeshwa kwa vijiti pande mbili. Mpira ukitulia ndani ya vijiti, mchezaji huuokota, akaweka zulia lake chini, akauweka mpira juu yake na kupiga. Yaani huchukua bustani yake mkononi! Lakini mpira ukitoka nje ya vijiti, hana zulia. Hana budi kupiga kutoka pale pale ulipo, ingawa ni juu ya changarawe au chini ya mwiba.

Msomaji aweza kuuliza: Kwa nini mambo haya yote? Sababu ni kwamba sheria za gofu zilitungwa kwa nchi ya majani. Huko mchanga ni mtego, shimo lililowekwa makusudi kumtaabisha mchezaji, na akiwa humo haruhusiwi kujaribu mchanga kwa fimbo yake kabla ya kupiga. Kama sheria hiyo ingeshikwa jangwani, kiwanja kizima kingekuwa mtego mmoja. Ndiyo maana kila mahali wachezaji hupewa ruhusa ya kuweka sheria ndogo za kwao. Kule Jinja, Uganda, kando ya Mto Nile, sheria ya namna hiyo inajulikana duniani kote: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aruhusiwa kuutoa bila kuhesabiwa pigo. Hakuna mzee wa Skoti ambaye angeliwaza jambo hilo.

MGENI AJIANDAEJE

Wachezaji waliozoea nchi kavu humpa mgeni mashauri haya.

Asije na fimbo zake mpya tu. Mawe hukwaruza chuma, na fimbo ya bei kubwa yaweza kuharibika kwa pigo moja. Wenyeji huwa na fimbo moja ya zamani, fimbo ya mawe, ambayo hawaionei huruma.

Achukue mipira ya rangi ya manjano au ya machungwa. Mpira mweupe juu ya ardhi iliyofifia ni kutafuta punje ya mchele kwenye majivu. Na muda wa kutafuta ni mfupi: tangu mwaka 2019 sheria imetoa dakika tatu tu. Zikipita, mpira umepotea, na mchezaji huongezewa pigo na kurudi alikotoka.

Asipige kwa nguvu zote. Majani husamehe, ardhi ngumu haisamehi. Wenyeji hupiga mpira wa chini, wakauacha ukimbie wenyewe. Mgeni hutaka kuushinda uwanja kwa nguvu, na uwanja humshinda yeye.

Asitie mkono kichakani au chini ya jiwe kabla ya kuangalia. Mpira wa shilingi chache haufai kununuliwa kwa sumu ya nyoka.

Na mwisho, amsikilize kijana ambebeaye mfuko. Kijana huyo huenda hana fimbo hata moja yake mwenyewe, lakini anajua kila kijiwe cha mahali pale. Anajua upepo wa ziwani huanza saa ngapi. Katika Afrika ya Mashariki wachezaji wengi hodari walianza hivyo, kwa kubeba mifuko ya wengine. Ila tuwaambie wazazi jambo moja: kubeba mifuko saa za shule si njia ya kufika mbali. Shilingi za leo ni tamu, lakini mtoto asiyejua kusoma atabeba mifuko mpaka mgongo upinde.

JUA SI MCHEZO

Taabu kubwa kuliko mawe ni jua. Huko Magadi joto huweza kufika nyuzi 40, na kivuli ni haba. Matundu 18 ni mwendo wa saa nne hivi, na kilomita nane au zaidi kwa miguu. Wenye akili huanza alfajiri, wakamaliza kabla jua halijasimama utosini. Kule Coober Pedy, mji wa wachimba vito nchini Australia, ambako nako kiwanja hakina majani, wakati wa joto watu hucheza usiku kwa mipira inayong'aa gizani!

Mashauri ya jua hayawahusu wacheza gofu peke yao. Yanamhusu kila alimaye, achimbaye dhahabu katika mashimo ya Lupa, au achungaye ng'ombe bonde la Rukwa mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo tuyaeleze vizuri.

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho ni maji na chumvi. Mtu asinywe maji baada ya kuona kiu kali tu, bali anywe kidogo kidogo tangu mwanzo. Pombe haisaidii, huzidi kuukausha mwili. Dalili za kwanza za kushindwa na joto ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Hapo mtu aache kazi, akae kivulini, alegeze nguo, anywe maji.

Akianza kusema maneno yasiyo na maana, akayumba kama mlevi, mwili ukawa wa moto sana, au akazimia, hiyo ni hatari ya kufa. Mpelekeni kivulini mara moja, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mtafute njia ya kumfikisha hospitali bila kungoja. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maana maji yataingia mapafuni. Watoto wadogo na wazee huzidiwa upesi kuliko vijana.

HAKIMU NI NANI?

Katika mpira wa miguu yuko mwamuzi mwenye filimbi. Katika gofu, siku nyingi hakuna. Mchezaji huhesabu mapigo yake mwenyewe, mwenzake huyaandika katika karatasi, na wote wawili huitia sahihi. Akiwa nyuma ya kichaka, peke yake, mpira umekaa vibaya, anaweza kuusogeza kwa kidole cha mguu, na hakuna atakayemwona.

Jangwani majaribu hayo ni makubwa zaidi, kwa sababu kila mara mpira hukaa vibaya, na sheria ya zulia humruhusu kuugusa mahali fulani na kumkataza mahali pengine. Kijiti kimoja ndicho mpaka. Je, mpira ulikuwa ndani ya kijiti au nje? Mara nyingi yeye peke yake ndiye ajuaye. Mchezaji mwema hujitaja mwenyewe: "Nimegusa mpira. Niongezeeni pigo." Wako waliokosa ushindi na fedha nyingi kwa kusema hivyo, na heshima yao imedumu kuliko vikombe vya wengine.

Hapo ndipo tunapoona kwamba mchezo huu, ingawa ni wa kigeni, una neno la kuwaambia watu wa nyumbani. Mwenye mizani sokoni, mtunza fedha wa chama, na mpima dhahabu gizani mwa kibanda chake, wote wamo kichakani na mpira wao. Mwamuzi hayupo, nao wajua kijiti kiko wapi.

NJIA MBILI ZA KUKAA JANGWANI

Wako watu waliolishinda jangwa kwa fedha. Mwaka 1988 huko Dubai, katika Uarabuni, kilifunguliwa kiwanja cha gofu cha majani matupu, kimezungukwa na mchanga, cha kwanza cha namna yake katika nchi hizo. Majani hayo huishi kwa maji ya bahari yaliyosafishwa chumvi kwa mitambo. Kabla ya hapo watu wa huko walicheza juu ya mchanga uliotiwa mafuta. Hata Oman, waliko ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, kiwanja cha Ghala karibu na Maskati kilikuwa cha mchanga kwa miaka mingi, ndipo kikapandwa majani.

Hatusemi kwamba wenye mali wamekosea. Kila nchi na uwezo wake. Lakini mahali ambapo maji ni ya kuhesabu kwa ndoo, na mama hutoka alfajiri kwenda kuyatafuta, kumwagia majani ya kuchezea lingekuwa jambo la aibu. Njia ya pili ni ya wale wa kiwanja kikavu: huiacha ardhi kama ilivyo, wakabadili sheria ya mchezo na desturi ya mchezaji. Zulia la mkononi, ufagio, mpira wa manjano, na kuamka mapema. Mambo madogo, ya gharama ndogo. Na mchezo wachezwa.

Sisi tunaokaa nchi ya mikwaju na mibuyu twaujua uchaguzi huo. Tumeona jinsi mahali palipojengwa kwa ajili ya kampuni moja panavyoweza kubadilika. Mgodi mkubwa wa Saza ulivuma, kisha ukafungwa katika miaka ya 1950, na watu wakabaki na ardhi yao. Magadi nao siku moja watajiuliza swali hilo: kampuni ikipunguza kazi, ni nini kitakachobaki? Yaliyoletwa kwa maji ya wengine hunyauka maji yakikatwa. Yaliyokubali ukavu tangu mwanzo hubaki.

Basi, ikitokea siku moja kijana wa Songwe akaenda Kenya kwa kazi au masomo, akaalikwa Magadi kucheza, asiogope kwa kuwa hajawahi kuona majani ya gofu. Huko hayapo. Amekulia juu ya ardhi ngumu, anajua kutembea juani, anajua kukagua kichaka kabla ya kutia mkono. Yaliyobaki ni kujifunza fimbo, na kuhesabu mapigo yake kwa kweli.